Harusi hujaa ndani ya wiki nne, karo ya mtoto haijai: tatizo ni nini?

#1 Mwalimu_Mpakani (Busia)
Habari za jioni wakuu. Nina jambo linalonikera, nalileta kama lilivyo.

Miezi miwili iliyopita niliingizwa kwenye kundi la WhatsApp la harusi ya kijana wa mtaani kwetu. Bajeti milioni 24. Kuna mwenyekiti, mweka hazina, hadi "waziri wa mapambo". Mikutano ilikuwa minne tu, kila Jumapili jioni. Watu wanatoa ahadi wamesimama. Anayetaja laki anapigiwa makofi, anayetaja elfu ishirini anaulizwa kama ameikadiria na mkewe au peke yake. Pesa zilijaa, zikabaki za kununua ng'ombe wa pili.

Wiki hiyohiyo nikaanzisha kundi langu. Kuna binti niliyemfundisha, baba alifariki, mama anauza dagaa. Yuko S.6 (kidato cha sita), anasoma Fizikia, Kemia na Biolojia, na akili anazo, si maneno ya mwalimu anayependelea. Anadaiwa 870,000 na shule imemrudisha nyumbani. Wiki tatu zimepita, nimekusanya 312,000, na laki moja ya hizo ni yangu mimi.

Kinachouma ni hiki: nimehesabu majina, watu 41 wamo makundi yote mawili. Si kwamba hawana.

Nasikia huko nje watu wanasomeshwa na hata tafiti zinalipiwa kwa michango ya mtandaoni. Kwetu Uganda inawezekana, au tunadanganyana?

#2 Rolex_Mbili
Mwalimu, kwenye harusi kuna pilau. Kwenye karo kuna nini?

#3 Mama_Sanyu (Jinja)
Rolex_Mbili unatania lakini umegusa penyewe. Harusi ni akiba. Mimi nikitoa laki leo, mweka hazina ameandika. Binti yangu akifika kwanjula yake, siku ya kumtambulisha mchumba, ninafungua daftari na kuwapigia simu mmoja mmoja. Sisi kina mama tuna nigiina zetu, vikundi vya kuchangiana, kila mtu anajua zamu yake na anajua nani alimletea sufuria na nani alimletea godoro. Huo si ukarimu, ni mzunguko. Sasa huyo binti wa S.6 atanirudishia nini, na lini? Atakuwa daktari Kampala na simu yangu hataipokea.

#4 BintiBombo
Salaam. Mama_Sanyu, hoja yako inakwama kwenye msiba. Huku kwetu mtu akifa tunatoa mabugo (rambirambi) hata kama marehemu tulimwona mara mbili tu barabarani. Marehemu anarudisha nini?

Nadhani sababu ni mwisho. Msiba una siku ya mazishi. Harusi ina Jumamosi yake. Hospitali ina bili moja. Lakini karo! Februari, Mei, Septemba, kisha Februari tena. Mtu anajua akitoa leo, ameoa.

#5 Rolex_Mbili
"Akitoa leo ameoa" 😂😂 hii naiandika ukutani.

#6 Mama_Sanyu (Jinja)
@BintiBombo marehemu harudishi, ukoo wake unarudisha. Jaribu kukosa mazishi matatu mfululizo uone wa kwako utazikwa na nani.

#7 Mpiga_Hesabu
Niwarudishe kwenye namba. Hao 41 wa Mwalimu kila mmoja akiongeza 15,000 ni 615,000. Jumlisha 312,000, unapata 927,000. Deni limekwisha na kuna chenji ya 57,000. Kwa hiyo si umaskini.

Ila tusisahau makato. Ukituma kuna ada, akitoa kwa wakala kuna ada, juu yake kuna ile kodi ya asilimia 1 ya mobile money. Michango midogomidogo ndiyo inayoliwa zaidi, maana ada hazipungui sawasawa na kiasi. Anayetuma elfu mbili anajiona mjinga.

#8 Kakonko_Mdogo
Mpiga_Hesabu, rekebisha hapo. Asilimia 1 ilikuwa Julai 2018, na ilikata kila kitu, kuweka, kutuma na kutoa. Watu wakapiga kelele, mwaka uleule ikashuka hadi asilimia 0.5 na ikabaki kwenye kutoa tu. Na ukitumia SchoolPay, ule mfumo wa kulipa karo kwa simu, kwa msimbo wa mwanafunzi pesa inaingia shule moja kwa moja, hakuna anayetoa kwa wakala. Mwalimu, kwa nini unakusanyia kwenye simu yako?

#9 Mwalimu_Mpakani (Busia)
@Kakonko_Mdogo niliogopa kuusambaza msimbo wa mtoto kwenye kundi la watu 160. Jina lake lote linatokea. Lakini naona ulivyosema, pengine watu hawakuniamini mimi.

#10 Kaka_Ughaibuni (Manchester)
Wakuu kwa nini mnahangaika na makundi ya WhatsApp? Fungua mchango GoFundMe, ule mtandao wa kuchangisha, dakika kumi, andika habari yake vizuri, picha moja nzuri, weka Facebook. Huku nimeona mtu akichangiwa matibabu ya paka wake. Paka!

#11 Mtafiti_Mchovu
Kaka, hapo kuna vizuizi viwili ambavyo ukiwa Manchester huvioni.

Kwanza, Uganda haimo kwenye orodha ya nchi ambazo mtu anaweza kufungua mchango GoFundMe na kupokea kwenye benki yake. Lazima afungue mtu wa nje kama wewe, pesa ziingie kwako, kisha uzitume. Yaani mchango wa binti wa Busia unamtegemea mtu wa Manchester aliyelala vizuri, asiyegombana na mkewe, asiyeulizwa na benki yake pesa hizi ni za nini.

Pili, Facebook hapa imefungwa tangu Januari 2021, wiki ile ya uchaguzi. Tunaingia kwa VPN. Na bando lenyewe lina kodi ya asilimia 12 tangu Julai mwaka huohuo. Hivyo ukiiweka Facebook unawafikia wenye VPN na jamaa walioko nje. Mama muuza samaki humpati.

#12 Kaka_Ughaibuni (Manchester)
Sawa, nimekubali. Ila hilo la mke umelitoa wapi 😅

#13 Mwamba_wa_Tororo
Mnazungumza kana kwamba mambo haya yametoka Ulaya. Kiva, ile ya Wamarekani ya kuchangia watu mtandaoni, mwaka 2005 ilianza na wafanyabiashara saba wadogo hapa Tororo. Saba! Dunia nzima ilijifunzia kwetu. Heshima yetu tafadhali.

#14 Dada_Sheria
Heshima mnayo, lakini Kiva si kuchangia, ni kukopesha. Anayetoa dola 25 anarudishiwa bila riba. Mkopaji naye mara nyingi analipa riba, kwa taasisi ya hapa inayosimamia mkopo. Watu wengi huchanganya.

#15 Mwamba_wa_Tororo
Nimesema kuchangia kwa maana pana.

#16 Rolex_Mbili
Kwa maana pana hata mimi ni profesa.

#17 Mtafiti_Mchovu
Mwalimu aliuliza pia juu ya utafiti, niseme yaliyonikuta. Ni marefu, mnisamehe.

Ninasoma shahada ya uzamili, chuo sikitaji. Kazi yangu ni kiwotoka, ule ugonjwa wa migomba uliogunduliwa kwetu mwaka 2001 huko Mukono ukasambaa nchi nzima. Sehemu ya shambani niliimudu kwa pikipiki ya kuazima. Nikakwama maabara: kemikali za kupima vinasaba vya bakteria zinaagizwa nje, zinalipwa kwa dola, na zinataka ubaridi kutoka uwanja wa ndege hadi kwenye jokofu.

Nikasoma juu ya Experiment, mtandao wa Marekani ulioanza 2012 ukiitwa Microryza. Wao ni sayansi tu. Unaweka swali lako, bajeti na muda. Ukifika lengo unapewa, usipofika hakuna anayekatwa hata senti. Kickstarter nao wanafanya hivyo, tofauti na GoFundMe ambako unachukua kilichoingia. Mwanzoni niliona ni ukatili. Baadaye nikaelewa. Nusu ya pesa ya kemikali hainunui nusu ya jibu. Mchangiaji analindwa asiweke pesa kwenye kazi isiyoweza kukamilika.

Basi nikaiga mtindo huo kienyeji. Nikaandika kurasa mbili, nikatengeneza bango, nikatuma kwenye makundi ya wanafunzi wenzangu wa zamani, ya kanisa, ya ukoo. Lengo milioni 3.2, siku 30, nisipofika nawarudishia.

Majibu niliyopata:
"Serikali ipo."
"Hii dawa itatoka lini?"
"Kwani kituo cha utafiti cha Kawanda wanafanya nini?"
Mjomba mmoja akanipigia: "Kama ni chakula sema, nitakutumia chakula, usizunguke na mambo ya bakteria."

Nilipata 540,000. Nikairudisha. Watu wanane walikataa kurudishiwa, wakasema ninywe soda.

Kosa langu ni lipi? Nadhani ni kwamba sikuwa na uso wa kuonyesha. Binti wa Mwalimu ana uso na ana matokeo ya mtihani. Mimi nilikuwa na jani la njano. Na kuna swali ambalo hakuna aliyeniuliza ila mimi mwenyewe lilininyima raha: nikichangiwa na watu 200, halafu matokeo yakatoka kwamba mbinu niliyoipima haina tofauti yoyote, nitawaambia nini? Kwenye sayansi hilo nalo ni jibu. Kwenye kundi la ukoo ni wizi.

#18 Mkulima_Bushenyi
Wewe Mtafiti, mimi hiyo kiwotoka ilinila ekari moja na nusu. Hilo bango lako sikuliona popote. Ningetoa. Sasa niambie, dawa ipo au haipo?

#19 Mtafiti_Mchovu
@Mkulima_Bushenyi mzee wangu, dawa ya kunyunyiza hakuna. Kata ua dume mapema kwa mti wenye panda, usitumie panga, maana wadudu wanabeba ugonjwa kutoka kwenye ua hilo. Panga na jembe vichome moto au vioshe kwa jik (ile ya kung'arisha nguo) kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Mgomba uliougua ng'oa.

#20 Mkulima_Bushenyi
Asante mwanangu. Hilo la panda nalijua, la jik vijana wangu hawafanyi, wanasema linamaliza pesa.

#21 Kakonko_Mdogo
Tunatoka nje ya mada lakini nimejifunza kitu. Mtafiti, ona: ulituma bango kwa wanafunzi wenzako na ukoo, wenye shamba hukuwatumia. Huyu mzee angeona faida yake moja kwa moja. Labda si suala la uso.

#22 Mtafiti_Mchovu
Hapo umenipiga. Sikuwa na namba zao.

#23 Afande_Mstaafu (Arua)
Wanangu. Nimewasoma wote.

Hili mnaloliita la kisasa sisi tumeishi nalo. Miaka ya 70 na ya 80 mshahara wa mwalimu haukumfikisha tarehe kumi. Wazazi tulijichanga kupitia PTA, chama cha wazazi na walimu, tukawa tunampa mwalimu posho, tunapaua madarasa, tunachonga madawati. Karibu kila kitu kilikuwa mikononi mwetu. Ilipokuja UPE, elimu ya msingi kwa wote, mwaka 1996 tuliambiwa watoto watasoma bure, mzazi apumzike. Watu wakapumzika kweli. Sasa ukimwambia achangie anajibu kama alivyojibiwa Mtafiti: serikali ipo. Hatukosi huruma. Mtu hataki kulipa mara mbili kitu alichoahidiwa.

Na mimi nasema hivyohivyo. Mtoto wa S.6 kuombaombea kwenye simu ni aibu ya nchi, haipaswi kugeuzwa mradi mzuri wa mtandaoni.

#24 Dada_Sheria
Shikamoo Afande. UPE ilitangazwa 1996 kwenye kampeni, ikaanza Januari 1997, na mwanzoni ilikuwa watoto wanne kwa kila familia. Ya sekondari ilikuja 2007. Na S.5 na S.6 ni hadithi nyingine.

#25 Afande_Mstaafu (Arua)
Marahaba binti. Wanne, naam. Mimi nilikuwa na saba, tulipiga kura nyumbani.

#26 Kabaragara
Afande, hao watatu waliokosa kura wako wapi leo? 😂

#27 Afande_Mstaafu (Arua)
Mmoja ndiye ananilisha.

#28 Jirani_wa_Kenya (Busia ile nyingine)
Naomba niingie, nipo ng'ambo ya geti. Sisi harambee tunaijua tangu uhuru, shule nyingi za sekondari zilijengwa hivyo, ziliitwa hata kwa jina hilo, shule za harambee. Na tangu 2012 kuna M-Changa: unachangia kwa simu, kila senti inaonekana kwenye ukurasa, kundi zima linaona nani ametoa na imebaki ngapi. Hiyo ndiyo inayokosekana kwa Mwalimu. Harusi ina mweka hazina anayesoma hesabu mbele ya watu. Kundi la karo lina Mwalimu na simu yake.

#29 BintiBombo
Harambee yenu wanasiasa waliigeuza jukwaa bwana, msitufundishe.

#30 Jirani_wa_Kenya (Busia ile nyingine)
Ni kweli, lakini madarasa yamesimama.

#31 Mtoto_wa_Nakivale
Jambo zenu. Mimi ni Mkongomani, nilifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale na mama mwaka 2012, nikiwa na miaka kumi na tatu. Nimesoma uzi huu kimya tangu jana. Mimi ndiye yule mwenye uso.

Nilipomaliza S.6 nilikuwa na alama nzuri. Ufadhili wa DAFI, ule wa UNHCR ulioanza 1992 kwa pesa za Wajerumani, niliomba, sikupata. Waombaji ni wengi kuliko nafasi, sina kinyongo. Kulikuwa na mgeni mmoja anayejitolea kambini, akasema atanifungulia mchango kwao. Akanipiga picha. Alinitaka nisimame mbele ya nyumba ya udongo, ingawa wakati huo tulikuwa tumeshahamia yenye bati. Akaniuliza nataka kusoma nini. Nikasema uhasibu, napenda hesabu. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia watu wa kwao hawatoi machozi kwa mhasibu. Akaandika: "Kijana mkimbizi anayeota kuwa daktari."

Zikaja. Ndani ya siku kumi na moja zikaja za kutosha mwaka mzima, ada, chumba na chakula. Sijawahi kuona kitu kama hicho, na sitasema uongo kwamba nilichukia. Nilicheza dansi.

Nikaingia chuo, nikasoma uhasibu. Mwaka wa pili ulipofika, mgeni alikuwa amerudi kwao na ana kazi nyingine. Akaandika taarifa mpya. Wachangiaji wakauliza udaktari unaendeleaje. Akasema ukweli. Wengine walielewa. Wengine wakasema wamedanganywa, na kwa kweli walidanganywa. Zikaja kidogo sana. Nilisimama miaka miwili, nikauza airtime na kuchaji simu za watu kwa sola, nikarudi nikamaliza.

Picha ile bado ipo mtandaoni. Mwaka jana nilipoomba kazi, mwenye ofisi alilitafuta jina langu, akaniuliza: "Wewe si ulikuwa daktari?"

#32 Mama_Sanyu (Jinja)
Bambi. Pole mwanangu. Kazi ulipata?

#33 Mtoto_wa_Nakivale
Nilipata mama, asante. Ila si kwa yule.

#34 Kaka_Ughaibuni (Manchester)
Mimi ndiye niliyesema "picha moja nzuri". Nimesoma hii mara mbili.

#35 Dada_Sheria
Tuna sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019. Taarifa za mtoto huwezi kuzikusanya na kuzisambaza hivihivi bila ridhaa ya mzazi au mlezi. Watu wanabandika kadi za matokeo, jina la shule, sura, hata namba ya mtahiniwa. Mwalimu ulifanya vyema kuficha msimbo, hata kama ulikugharimu.

#36 Kabaragara
Lakini Dada, ukificha sura watu wanasema ni tapeli. Ukionyesha sura, sheria. Tuchague lipi? Kuna picha ya mvulana mwenye sweta ya kijani nimeiona Kampala, Mbale na Lira, kila mahali ana jina jingine na ugonjwa au deni jingine. Mara mbili nilitoa. Ya tatu nikasema huyu mtoto ana madeni kuliko mimi. Tangu siku hiyo sitoi mpaka nijue mtu.

#37 Mpiga_Hesabu
Kabaragara ndiye jibu la uzi huu. Utapeli umetuua. Mengine ni mapambo.

#38 BintiBombo
Hapana. Matapeli wa misiba wapo pia na mabugo tunatoa. Mimi bado nasimama na "ameoa".

#39 Mwanachuo_Deni
Kuna upande mmoja hamjaugusa, bei yenyewe. Makerere walipanga kupandisha ada asilimia 15 kila mwaka kwa miaka mitano, wanafunzi wakaandamana Oktoba 2019 wakapigwa mabomu ya machozi. Tukichanga na bei ikapanda, tumemchangia nani?

Mimi nilisoma kwa mkopo wa serikali, ule wa bodi iliyoundwa kwa sheria ya 2014. Unalipwa chuoni moja kwa moja, ada na gharama za utafiti. Chakula na chumba havimo. Kwa hiyo nilikuwa mwanafunzi aliyelipiwa karo akilala na njaa. Rafiki zangu sita walinichangia elfu tano kila wiki kwa miaka mitatu. Hawakuita "kampeni". Hakukuwa na bango wala picha. Ndiyo maana sipendi kusikia kwamba Waganda hawachangii elimu. Tunachangia sana, ila kimya, kwa mtu tunayekaa naye chumba kimoja.

#40 Mama_Sanyu (Jinja)
Na shangazi! Nani humu hakusomeshwa muhula mmoja na shangazi? Ule si mchango?

#41 Afande_Mstaafu (Arua)
Shangazi ni wizara ya elimu.

#42 Rolex_Mbili
Afande leo uko moto 🔥

#43 Mtafiti_Mchovu
@Mwanachuo_Deni kweli. Na kwa utafiti pia kuna pesa za serikali, Makerere walianzishiwa mfuko wao wa Mak-RIF mwaka 2019, bilioni 30 kwa kuanzia. Sisi wa vyuo vingine tunaangalia kwa dirishani. Kuna njia ya mashindano pia, kama wale vijana wa Matibabu, kifaa cha kupima malaria bila kutoa damu, waliopata tuzo ya Africa Prize 2018 ya pauni 25,000. Lakini tuzo inataka kifaa cha kushika mkononi. Kazi yangu ikikamilika ni jedwali.

#44 Mkulima_Bushenyi
Mwanangu Mtafiti, hapa kwenye chama chetu cha engozi tuko kaya 64. Zamani engozi ilikuwa ya kubeba mgonjwa kwenye machela kumpeleka hospitali, siku hizi tunakopeshana pia. Njoo useme. Lakini njoo na jik.

#45 Mtafiti_Mchovu
Nakuja PM mzee. Jik nitaleta, milioni 3 msinipe zote siku moja.

#46 Mwalimu_Mpakani (Busia)
Wakuu, nimerudi na taarifa. Juzi nilizungumza na mama wa binti, akakubali nitoe msimbo kwa wanaoomba PM tu. Zile 312,000 nilishazilipa shuleni, risiti nimeiweka kwenye kundi. Kutoka humu uzini zimeingia 313,000. Zimebaki 245,000 na binti amerudishwa darasani kwa barua ya ahadi. Asanteni.

Kuhusu swali langu, nilijaribu kitu kimoja. Jumapili nilikwenda kwa mwenyekiti wa kamati ya ile harusi nikamwuliza wazi kwa nini watu wake hawakutoa. Akanijibu: "Mwalimu, hukutuita mkutano. Mtu akitoa kwenye simu nani amemwona?"

#47 Mama_Sanyu (Jinja)
Si nilisema! Daftari!

#48 BintiBombo
Kuonekana si daftari, Mama_Sanyu. Ni vitu viwili.

#49 Jirani_wa_Kenya (Busia ile nyingine)
Na mimi nilisema ukurasa wa wazi.

#50 Kabaragara
Mwalimu, nami jana nililipa elfu ishirini kwa ule msimbo. Ila jina lililotokea lilikuwa la mvulana. Nikadhani ni jina la ukoo, nikabonyeza.

#51 Mwalimu_Mpakani (Busia)
Mvulana? Hapana. Nitumie tarakimu ulizoweka.

#52 Mwalimu_Mpakani (Busia)
Umekosea ya mwisho ndugu yangu. Huyo si wa Busia kabisa, shule yenyewe ni ya huko Kasese.

#53 Kabaragara
Banange. Sasa nimemsomesha nani?

#54 Rolex_Mbili
Hujui, lakini muhula ujao anakungoja. Umeoa.